Ng'ombe Wangapi?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ninajua watu wengi. Simu yangu ilijaa namba, na Jumapili baada ya misa ya pili sikuweza kuvuka uwanja wa parokia bila kushikwa mkono kila hatua. Pale uwanjani ndipo nilipomalizia shughuli zangu zote. Binamu yangu mwenye lori aliniletea ngozi kutoka Butembo, kaskazini. Mke wake aliniuzia gundi na misumari. Wateja wa viatu vya komunyo walikuwa watoto wa wale wale niliosimama nao kwenye kwaya. Nikitaka ushauri nilimwendea mzee wa mutualité yetu, yaani chama cha watu wa kwetu, naye alinituma kwa mwanachama mwingine. Tulizungukana hivyo, tukisalimiana kwa Kinande na kupeana kazi, na hakuna ambaye angenishawishi kwamba uwanja ule ulikuwa mdogo.

Kazi yangu ni viatu. Baba alinifundisha katika kibanda chake cha mbao mtaani Murara, huku majirani wakimcheka kwamba anamharibu msichana kwa gundi. Alipofariki nilirithi meza yake, nyundo zake na ulimi wake, maana baba hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Mteja akileta kiatu kilichooza, namwambia kimeoza. Wengine hununa, halafu hurudi.

Mtu wa kwanza kunivuruga alikuja na mkanda mkononi. Alikuwa fundi wa miguu ya bandia mwenye karakana yake mtaa wa Himbi, mzaliwa wa Kasai, mrefu, mpole, Kiswahili chake kimejaa Lingala. Mkanda ule ulikuwa wa kufungwa juu ya goti ili mguu wa bandia usichomoke. Zamani mikanda ya namna ile ilikuja kwa ndege, lakini vita ilikuwa imefunga uwanja wa ndege, na katika karakana yake miguu iliyokwisha tengenezwa ilikuwa imeegemezwa ukutani ikisubiri. Akataka kujua kama ninaweza kushona mkanda kama ule. Niliugeuza mara mbili nikamwambia ni kazi ya asubuhi moja.

"Na ngozi utatoa wapi, Mama?"

"Kwa ndugu yangu wa lori."

"Lori ikikosa?"

"Haikosake."

"Bon. Lakini uko na nani mwengine?"

Swali hilo liliniudhi kuliko matusi. Niliona kama anawadharau watu wangu. Nikamwambia kwamba mtu mwenye ndugu hahitaji mwengine, naye akacheka kidogo, akaniachia mkanda wa mfano.

Ningemfukuza na mkanda wake, lakini mguu wa kwanza kwenye orodha yake ulikuwa wa jirani yangu. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, sote tulimwita Madamu, na kati ya ua wake na wangu ulikuwepo ukuta wa mawe ya volkano unaonifika kifuani. Familia yake ilitoka Rutshuru. Siku moja alipeleka unga kwa shangazi zake waliokimbilia kambini pembeni ya mji, bomu likaanguka njiani, akakatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Mkuu wa shule alimtembelea mara mbili na matunda. Mara ya tatu alimwambia, kwa heshima zote, kwamba darasa la watoto wengi vile halifundishwi na mtu aliyeketi. Kama masomo yakianza hawezi kusimama ubaoni, nafasi yake itapewa mwengine. Nyumba nzima ilikula kwa kazi yake, wakiwemo wale shangazi.

Niliishi nyuma ya ukuta ule miaka tisa. Tuliombana chumvi na moto. Sikujua alizaliwa kijiji gani, wala kitu gani humchekesha, kwa sababu hakuwa wa uwanja wangu.

Basi barabara ya kaskazini ikakatika. Lori la binamu likabaki Kanyabayonga na ngozi zangu zote ndani. Nilikwenda uwanjani Jumapili ile nikiwa na uhakika kwamba nitapata ngozi kwa mtu mwengine. Nilimuuliza mmoja, nikamuuliza wa pili, nikaenda hadi kwa mzee wa mutualité. Wote walikuwa wanasubiri lori lile lile. Hata mpaka wa nchi jirani, pale Gisenyi, ambao kutoka kibandani ninaufikia kwa miguu, haukunisaidia kitu. Ulikuwa umefungwa majuma yale, na hata ungefunguliwa, sikumjua mtu hata mmoja upande wa pili wa kumpigia simu.

Nikafanya ujinga. Nilichukua ngozi laini niliyobakiza ya mikoba, nikashona mkanda mzuri mno, nyuzi mistari miwili, ukingo nimeupaka nta hadi unang'aa. Nikaupeleka Himbi mwenyewe, nikasimama pembeni nikisubiri kusifiwa. Madamu akavaa mguu, akashika vyuma viwili vya kujifunzia kutembea. Hatua ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili pia. Ya tatu mkanda ulivutika, mguu ukashuka, ncha ya kiatu ikakwama sakafuni, naye akaanguka kidevu mbele.

Hakulia. Alipangusa damu na kitambaa chake akanitazama.

"Haiko kosa yako, Mama."

Nilikwenda chooni nikalia mimi. Ilikuwa kosa langu kabisa, na nilijua.

Fundi aliushika mkanda kwa mikono miwili akauvuta. Ukarefuka kama donge la unga wa mandazi. Hakunikaripia. Alinionyesha ukuta wa karakana yake, ambao nilidhani umechafuka tu, kumbe umeandikwa namba za simu kwa makaa kutoka juu hadi chini. Huyu huyeyusha aluminium ya sufuria, huyu hukata kandambili za matairi, huyu fundi mbao, huyu dereva wa mtumbwi wa Bukavu. Nilitazama majina yale na hayakufanana hata mawili. Yalitoka kila upande wa nchi, na mengine nje ya nchi.

"Iko muzee mumoja kule Ndosho," alisema. "Mufugaji wa Masisi. Anajua ngozi kupita siye wote. Nilienda kumuomba, akasema hatakata ngozi kwa mutu wa ofisi. Mushonaji akuye mwenyewe, amuone."

Masomo yalibakiza siku kumi na nane kuanza.

Niliposema uwanjani kwamba ninakwenda Ndosho kwa mzee wa Masisi, mtu mmoja aliniuliza, "Kwa bale? Na hii vita?" Hakumaliza sentensi, wala hakuhitaji; wengi wetu tuliwahesabu wafugaji wa Masisi kuwa ndugu za waliotuletea vita. Siwezi kumlaumu, kwa maana maneno hayo hayo yalikuwa kinywani mwangu. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nimeona kidevu cha Madamu.

Mzee alikuwa amepanga nyumba ya mbao yenye ua mdogo uliofagiwa hadi mawe yake meusi yanang'aa. Alikaa juu ya ngozi ya ng'ombe, kofia kichwani, fimbo imelala magotini. Mkewe alitoka na kikombe kikubwa cha maziwa akakinyoosha kwangu. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni.

"Asante, Mama, sitakunywa, niko mbio."

Halafu nikaanza biashara kama nilivyofundishwa. Kwetu, mtu anayetaka mali bila kuuliza kiasi anaonekana anafanya mzaha. Ukiagiza maharage unauliza magunia, ukiagiza mbao unauliza vipande. Nilitaka kujua mzee huyu anaweza kunipa ngozi kiasi gani kwa mwezi, ili fundi wa Himbi naye apange kazi yake. Nikauliza kwa sauti kubwa na ya kirafiki:

"Muzee, uko na ngombe ngapi?"

Mkewe alirudisha kikombe kifuani. Mzee alitazama viatu vyangu kwa muda mrefu.

"Ngozi haiko, Mama."

"Na ile unaikalia?"

"Haiko."

Nilipanda pikipiki nikamtukana kwa Kinande kutoka Ndosho hadi Murara. Niliutukana ujeuri wake, fimbo yake na maziwa yake. Dereva akaniuliza kama ninasali rozari.

Madamu alikuwa uani kwake anachambua maharage, magongo yamelala kando. Nilimsimulia kupitia juu ya ukuta, kwa hasira zote, nikitegemea pole. Badala yake aliweka sinia chini, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika plasta ya kidevu kwa maumivu.

"Ulimuuliza ngombe ngapi? Kweli? Na maziwa ukaacha?"

"Nilikuwa mbio."

"Na ulikuwa umesimama?"

"Nilikuwa nimesimama."

"Mama! Umemutukana mara tatu na haujaikala chini!"

Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza watoto wa darasa la pili. Mfugaji haulizwi idadi ya ng'ombe wake, hasa na mgeni. Ni kama kumtakia wapungue. Maziwa ukipewa unapokea, unakaa chini, unakunywa, ndipo maneno yanaanza, na ya kwanza hayahusu kazi. Anayekataa maziwa amekataa nyumba nzima. Nilisikiliza nikaona haya kidogo, lakini bado nilikuwa na la kujitetea. Nikasema mtu mwenye ng'ombe wengi hakosi ngozi moja ya kuuza.

Madamu akaacha kucheka.

"Yule muzee? Shangazi zangu wanamujua. Alitoka Masisi na kundi nzima. Akafika hapa na fimbo."

Halafu nikauliza, "Alors, ile maziwa ilitoka wapi?"

"Alinunua. Fundi si alimupigia simu kwamba mugeni atakuya?"

Niliona tena kikombe kile, kilivyojaa hadi ukingoni, na mkono wa yule mama ulivyokirudisha kifuani. Watu waliopoteza kila mnyama wao walikwenda kununua maziwa dukani ili mimi nipokewe inavyotakiwa, nami nikawauliza wana ng'ombe wangapi.

Siku ile nilipita getini kwa Madamu, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, nikakaa naye tukachambua maharage hadi yakaisha. Nilimuuliza nipeleke nini nikirudi Ndosho. Sukari? Kitenge? Madamu akajibu kwa neno ambalo halifundishwi darasani.

"Peleka matako. Uikale chini."

Nilirudi kesho yake. Nilisimama mbele ya mzee nikasema, "Muzee, jana nilikosa. Sikujua, na sikuuliza." Mkewe akatoa kigoda, nikakaa. Akaleta maziwa, nikayapokea kwa mikono miwili. Yalikuwa yamechachuka, na mimi sikulelewa na maziwa ya namna hiyo, lakini niliyanywa hadi mwisho, yakaongezwa, nikanywa tena. Mzee aliniuliza habari za baba yangu. Aliniuliza kama kwetu mvua imenyesha, kama watu wangu walioko safarini wako wazima. Nilimwambia binamu yupo Kanyabayonga na lori, hatujui lini atapita. Akatikisa kichwa kama mtu anayeijua barabara hiyo kwa miguu yake. Sikuuliza chochote chenye idadi.

Baada ya muda mrefu alinyoosha mkono, akashika wangu, akaugeuza. Aliangalia sugu za sindano kidoleni, na kovu la kisu cha baba kwenye gumba.

"Uko unashona kweli," alisema. "Mukanda ni ya nani?"

Nikamweleza habari za Madamu, za darasa lake, za siku zilizobaki. Nilimweleza na kuanguka kwake, nikasema ni mimi niliyemwangusha. Mzee akainuka, akavuta ngozi aliyokuwa ameikalia, akaikunjua uani.

Ndipo akasimulia, kwa maneno machache. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe wake wa mwisho, jike, aliyemfia njiani karibu na Sake wakati wa kukimbia. Hakuweza kumwacha aliwe na mbwa, akamchuna palepale, akabeba ngozi begani. Alipofika Ndosho hakuwa na kazi nyingine, basi kila siku aliikanda kwa siagi na miguu hadi ikawa laini namna ile. Aliniambia nivute ngozi ya upande wa tumbo. Ikavutika. Halafu nivute kwenye uti wa mgongo. Nilivuta kwa nguvu zangu zote na haikusogea.

"Tumbo inajaa, inashuka," alisema. "Mugongo ndiyo inabebaka."

Miaka yote ya baba na yangu, hakuna aliyetuambia hilo. Sisi tulinunua ngozi imeshakatwa vipande, hatukujua kipande kipi kilikuwa wapi juu ya mnyama.

Alikata mwenyewe, kutoka shingoni kwenda mkiani, katikati kabisa. Mkewe aligeuza uso. Nilitaka kumwambia aache, nitatafuta kwengine, na kwengine hakukuwepo. Alipomaliza, ngozi yake ilikuwa vipande viwili. Niliweza kusema asante tu.

Nilishona mkanda ule siku mbili juu ya meza ya baba. Sikuupamba. Tulipoupeleka Himbi fundi aliuvuta, akavuta tena, akaufunga mguuni kwa Madamu. Madamu akatembea kati ya vyuma kwenda na kurudi. Akatoka nje ya vyuma. Akatoka mlangoni, akashuka kwenye mawe ya uani, na fundi wa Kasai, mtu mzima yule, akaanza kuimba.

Watu huniuliza nilipataje kazi zangu za sasa, na wengi wanadhani kuna mkubwa aliyenisukuma. Hakuna. Ukuta wa kibanda changu nao umechafuka kwa makaa. Mzee wa Ndosho alinipeleka kwa wafugaji wenzake wanaojua kukanda ngozi, na wao nimewapeleka Himbi. Fundi alinijulisha kwa mkata matairi, ambaye hutengeneza soli zangu. Dereva wa mtumbwi hunipelekea viatu Bukavu kwa mama mmoja ambaye sijawahi kumwona uso, na tunaaminiana. Hata binamu yangu, lori lilipopita hatimaye, nilimchukua hadi Ndosho, nikamwonya njia nzima juu ya kukaa na kunywa na kunyamaza. Uwanja wa parokia bado naupenda, na bado nashikwa mkono. Ila siwezi tena kuvuka pale bila kuwauliza watu wangu: uko na nani mwengine? Wananiona nimekuwa msumbufu. Namshukuru Mungu kwa usumbufu huo, na kwa kila mtu aliyenivumilia nilipokuwa sijui kukaa chini.

Nimeruka asubuhi ya kufungua shule, na hiyo ndiyo nilitaka kuandika.

Madamu alitoka getini na daftari kifuani, sketi ya bluu, soksi mbili nyeupe. Mimi nilisimama mlangoni pa kibanda changu, jirani na geti lile. Mzee alikuwa amekuja kutoka Ndosho na fimbo yake. Alikuwa hajawahi kufika Murara, na alikuwa ameshakunywa chai yangu akiwa amekaa. Njia ya kwenda shule pale ni mawe matupu ya volkano, hata mwenye miguu miwili huangalia anapokanyaga. Madamu alikanyaga, akasimama, akakanyaga tena. Mzee hakumtazama usoni. Alitazama goti la kushoto, mahali mkanda ulipokuwa chini ya sketi, na kila lilipokunjwa yeye alishika fimbo kwa nguvu zaidi.

Madamu alipofika kwenye kona bila kuanguka, mzee aliita jina kwa sauti ndogo. Halikuwa jina la Madamu. Lilikuwa jina la yule ng'ombe, na kwa kuwa ni la mzee sitaliandika.

"Mama," alisema, bado anatazama kona. "Ile siku uliniuliza kitu, sikukujibu."

Nilitamani ardhi inimeze. "Muzee, unisamehe, ile maneno iliisha."

"Hapana, nakujibu," alisema. "Moja. Ule pale, anaenda kufundisha batoto."